Sura ya Tano: Mguu Utue Wapi?

Anayeanza kukimbia hakosi washauri. Jirani anayekutana naye barabarani alfajiri humwonya asitangulize kisigino, ataua magoti. Mwenzake wa klabu ya jogging humwambia akimbie kwa vidole kama mabingwa. Video kwenye simu inamtaka avue viatu kabisa. Wiki haijaisha, anakimbia huku akiichunguza miguu yake mwenyewe, mabega yamekaza, pumzi zinamwishia mapema, na swali liko palepale: kisigino au vidole?

Swali hili linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu wapo wanaoumia kwa kulijibu haraka. Mtu aliyekuwa akikimbia vizuri, bila maumivu, anasikia kwamba anakosea, anabadili mtindo kwa siku moja, na mwezi haujapita anachechemea.

Jibu la sura hii ni hili: sehemu ya wayo inayotangulia kugusa ardhi ina uzito mdogo kuliko tunavyoambiwa. Kinachostahili kuangaliwa kwanza ni umbali kati ya mguu unapotua na mwili wako ulipo. Tutalifikia jibu hilo hatua kwa hatua, kisha tutaona jinsi ya kujipima mwenyewe.

## Namna tatu za kutua

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Wakimbiaji hutua kwa namna tatu:

- Kutua kwa kisigino. Kisigino kinagusa ardhi kwanza, kisha wayo wote unalala chini. Wakimbiaji wengi wa kawaida waliovaa raba hutua hivi.
- Kutua kwa wayo mzima. Kisigino na sehemu ya mbele vinagusa ardhi karibu kwa pamoja.
- Kutua kwa mbele. Inayotangulia ni ile sehemu pana na nene iliyo nyuma ya vidole. Watu husema "kukimbia kwa vidole", lakini vidole vyenyewe havibebi mzigo mkubwa wakati huo. Katika mbio za masafa, kisigino nacho kwa kawaida hushuka kikagusa ardhi kidogo baadaye.

Mtu mmoja anaweza kuzitumia zote tatu katika asubuhi moja. Ukiwa unakwenda polepole kwenye lami tambarare, huenda ukatua kwa kisigino. Ukipanda kilima, ardhi inakuinukia mbele, na mguu unaanza kutua kwa mbele bila kuambiwa. Ukichoka, kisigino kinarudi.

Mwendo kasi ndio unaobadilisha mambo zaidi. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, akaweka rekodi ya Afrika, alikuwa akitua kwa mbele kama wanavyofanya wakimbiaji wote wa kiwango chake. Katika kasi ile mguu hukaa chini kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hakuna muda wa kutanguliza kisigino kisha kuuviringisha wayo hadi mbele. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika saba hukaa chini karibu robo ya sekunde katika kila hatua. Kumwambia huyu atue kama Omanyala ni kumpa kazi ambayo mwendo wake haumdai.

Kwa ufupi: namna ya kutua hufuata kasi, mwinuko wa njia, uchovu na viatu.

## Mguu unapogonga ardhi

Kutembea na kukimbia vinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Ukitembea, wakati wote kuna angalau mguu mmoja chini. Ukikimbia, kuna kipindi kifupi miguu yote miwili iko hewani. Kwa hiyo kila hatua ya mbio ni mruko mdogo, na kila mruko una kutua kwake.

Katika kutua huko mguu hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni sawa na kubebeshwa kilo 140 hadi 210 kwa mguu mmoja. Sasa hesabu safari nzima. Anayekimbia kilomita tano kwa mwendo wa pole huchukua hatua zinazokaribia 6,000, maana yake kila mguu unatua karibu mara 3,000 kabla hajafika nyumbani kuoga. Mwili wenye afya umeumbwa kuyastahimili haya, mradi upewe muda wa kuzoea.

Ndani ya nguvu hiyo kuna kitu cha kutazama peke yake: kishindo cha mwanzo. Hili ni pigo la ghafla linalokuja mara tu kisigino kinapogusa ardhi, kabla uzito wote haujashuka. Unaweza kulisikia mwenyewe sasa hivi. Simama pekupeku kwenye sakafu ya saruji, inua visigino kidogo tu, kisha viache vishuke. Pigo linapanda hadi kichwani. Halafu rukaruka taratibu ukitua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Pigo lile halipo tena, ila ukiendelea kwa dakika moja vigimbi, yaani misuli minene ya nyuma ya mguu chini ya goti, vitaanza kuwaka moto.

Jaribio hilo dogo lina ndani yake ubishi wote wa kisigino na vidole. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliosomwa dunia nzima, na baadhi ya watu waliopimwa walikuwa wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliokua wakikimbia pekupeku walitua mara nyingi kwa mbele, na kishindo chao cha mwanzo kilikuwa kidogo hata kwenye ardhi ngumu. Waliozoea viatu walitua mara nyingi kwa kisigino. Mwaka mmoja kabla yake kilikuwa kimetoka kitabu cha Christopher McDougall, "Born to Run", kuhusu Wararámuri wa Mexico wanaokimbia masafa marefu wakiwa na ndara nyembamba. Mambo hayo mawili yakakutana, na wimbi likaanza: vua raba, tua kwa mbele, utapona.

Utafiti ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa haraka ya waliousoma, maana ulipima kishindo, nao wakasikia ahadi ya kutoumia.

## Mzigo unahama, haupotei

Mchukuzi wa sokoni Kariakoo akichoka bega la kulia, huhamishia gunia bega la kushoto. Bega la kulia linapumzika, lakini gunia ni lilelile, na la kushoto kama halijazoea litalalamika kabla hajafika kwenye gari. Ndivyo ilivyo mtu anapobadili namna ya kutua. Nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili bado ipo, na lazima kiwepo kiungo cha kuibeba.

Ukitua kwa kisigino, sehemu kubwa ya kazi inaangukia:

- goti, hasa pale kifuu cha goti kinapokutana na mfupa wa paja;
- ugoko, yaani mfupa wa mbele wa mguu chini ya goti;
- misuli ya mbele ya paja.

Ukitua kwa mbele, kazi inahamia:

- vigimbi;
- kano ya kisigino, ile kamba nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu. Kano ni uzi mgumu unaounganisha msuli na mfupa, na hii hubeba nguvu ya mara sita ya uzito wa mwili au zaidi mtu anapokimbia;
- mifupa myembamba iliyo katikati ya wayo na vidole.

Kutokana na orodha hizi mbili unaweza kumshauri mtu kwa haki. Anayesumbuliwa na goti miaka nenda rudi anaweza kupata nafuu akihamisha sehemu ya mzigo kwenda chini. Mwenye kano ya kisigino inayouma kila asubuhi, akiambiwa atue kwa mbele, anaongezewa gunia kwenye bega lililokwisha kuchoka.

Kwa ufupi: kila namna ya kutua ina kiungo kinacholipa. Kabla ya kuchagua, jua chako kilicho dhaifu.

## Mabingwa wanatuaje?

Wengi wanaamini kuwa wakimbiaji bora wa marathoni wote hutua kwa mbele. Bahati nzuri jambo hili limeangaliwa kwa kamera.

Agosti 2017, mashindano ya dunia ya riadha yalifanyika London. Katika marathoni ya wanaume Geoffrey Kirui wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 27, na nafasi ya tatu ikachukuliwa na Alphonce Simbu wa Tanzania, ambaye mwaka 2025 alikuja kuwa bingwa wa dunia jijini Tokyo. Watafiti waliwapiga picha za video wakimbiaji wa mbio hizo, wanaume kwa wanawake, mara nne njiani, kisha wakazitazama nyayo zao moja moja. Kila walipopimwa, zaidi ya nusu ya wanaume walikuwa wakitua kwa kisigino, na kwa wanawake ilikuwa theluthi mbili au zaidi. Wengi hawakubadili mtindo tangu mwanzo hadi mwisho, ila idadi ya wanaotua kwa kisigino iliongezeka kidogo kadiri kilomita zilivyosonga. Na walipowalinganisha waliomaliza katika nusu ya kwanza na waliomaliza katika nusu ya pili, namna ya kutua haikuwatenganisha.

Je, wanaokimbia pekupeku tangu utoto? Hapo pia jibu si moja. Mwaka 2013 ulitoka utafiti mwingine, huu wa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, wafugaji wa upande wa Ziwa Turkana ambao wamezoea kutembea bila viatu. Walipoachwa wakimbie kwa mwendo wanaoupenda wenyewe, wengi wao walitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, ndipo kutua kwa kisigino kulipopungua. Watu wawili wanaweza kuwa pekupeku wote na bado wakatofautiana, kwa sababu ardhi yao, kasi yao na mazoea yao si yaleyale.

Abebe Bikila wa Ethiopia naye hutajwa kila mara. Alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani wakati ule. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka 1964 alishinda tena Tokyo, safari hii akiwa na viatu, kwa muda wa saa 2 na dakika 12, akaivunja tena rekodi ya dunia. Miguu yake ilikuwa na nguvu na mazoezi ya miaka mingi, na nguvu hiyo ilimfuata mle ndani ya viatu.

## Kosa lenye madhara: hatua ya kupitiliza

Sasa tuliangalie jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Wakimbiaji wengi wanaoanza wana tabia ya kutaka hatua ndefu. Wanadhani mwendo hupatikana kwa kutupa mguu mbele kadiri iwezekanavyo. Mguu unatua mbali mbele ya mwili, goti likiwa limenyooka. Hii tuite hatua ya kupitiliza.

Madhara yake ni mawili. La kwanza, mguu ulio mbali mbele husukuma ardhi kwenda mbele, na ardhi nayo inakurudisha nyuma. Unajifunga breki mwenyewe, kisha hatua inayofuata unatumia nguvu kuirudisha kasi uliyoipoteza. La pili, goti lililonyooka halikunjiki vizuri kupokea uzito, hivyo pigo linapanda moja kwa moja hadi gotini na kwenye nyonga.

Wengi wa wanaopitiliza hutua kwa kisigino, na hapo ndipo kisigino kilipopata sifa mbaya. Lakini kisigino kinaweza kutua karibu na mwili, juu yake goti likiwa limekunjwa kidogo, na hatua ikawa salama kabisa. Vilevile mtu anaweza kupitiliza huku akinyoosha vidole ili atue kwa mbele. Huyo ameongeza breki na amechosha vigimbi kwa pamoja. Anayeshuka kutoka Mweka kuelekea Moshi katika Kilimanjaro Marathon hulijua jambo hili mwilini: mteremko unamvuta, hatua zinarefuka, na kesho yake mapaja hayamruhusu kushuka ngazi.

## Jipime kwa simu yako

Huhitaji maabara. Fanya hivi:

1. Kimbia dakika kumi kwanza, mpaka mwili usahau kuwa unapimwa.
2. Mwombe mwenzako ashike simu kwenye urefu wa goti, upande mmoja wa njia, mbali kidogo ili uonekane mwili mzima.
3. Pita mbele yake mara tatu kwa mwendo wako wa kawaida, akurekodi kwa mwendo wa polepole kama simu inaruhusu.
4. Simamisha picha pale mguu unapogusa ardhi tu.

Kisha jiulize mambo matatu. Je, goti limekunjwa kidogo? Je, ugoko umesimama karibu wima, au umelala nyuma huku wayo ukiwa umetangulia mbali? Je, mguu uko karibu na chini ya mwili, au unaweza kuona pengo kubwa kati yake na nyonga? Majibu yakiwa mazuri, kisigino chako hakina kesi ya kujibu.

Majibu yakiwa mabaya, dawa ya kwanza ni rahisi: fupisha hatua na uongeze idadi yake. Hesabu hatua zako kwa dakika moja ya mwendo wa kawaida. Ukiwa na hatua 160, lenga 168, yaani ongezeko la asilimia tano, bila kuongeza kasi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 2011, ulionyesha kuwa ongezeko la asilimia tano hadi kumi hupunguza mzigo wa goti kwa kiasi kinachoonekana. Mguu unakosa muda wa kwenda mbali, hivyo unatua karibu na mwili wenyewe.

Utasikia watu wakisema lazima ufikishe hatua 180. Namba hiyo ilitoka kwa kocha Jack Daniels, aliyewahesabia hatua wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Wale walikuwa kwenye mashindano, wakikimbia kwa kasi kubwa. Mtu mrefu anayekimbia polepole hana sababu ya kujilazimisha kuifikia.

Kwa ufupi: angalia goti na ugoko kabla ya kuangalia kisigino. Hatua fupi kidogo na nyingi kidogo hutengeneza mengi.

## Je, nibadili namna ninayotua?

Ushahidi wa majeraha umegawanyika. Mwaka 2012, wakimbiaji 52 wa timu ya Chuo Kikuu cha Harvard walichunguzwa, na wale wa kisigino walikuwa na majeraha ya kujirudia, yale yanayoletwa na mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi, karibu maradufu ya wenzao. Mwaka 2015, askari zaidi ya 300 wa Marekani walichunguzwa kwa swali hilohilo, na tofauti haikuonekana. Kwa msingi huo, siwezi kumshauri mtu asiyeumwa abadili mtindo wake.

Kubadili pia kuna gharama. Waliozoea kisigino, wakitakiwa kutua kwa mbele katika mwendo wa pole au wa kati, hutumia oksijeni zaidi, kwa maneno mengine wanachoka zaidi kwa kazi ileile. Na mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Brigham Young kilichapisha matokeo ya wakimbiaji waliohamia viatu vyembamba vinavyoiga miguu mitupu. Baada ya wiki kumi tu, picha za MRI zilionyesha mifupa ya nyayo zao ikiwa na dalili za kuumia zaidi ya wale waliobaki na raba za kawaida. Dalili hizo zikipuuzwa, huishia kwenye ufa mdogo wa mfupa unaomweka mtu nje ya mbio kwa wiki nyingi.

Kama una sababu, mathalani goti lisilopona licha ya kufupisha hatua, basi badili kwa utaratibu:

- Imarisha vigimbi kwanza kwa wiki kadhaa: simama, inua visigino polepole, vishushe polepole, mara kumi na tano, kila baada ya siku moja.
- Anza na dakika moja au mbili za kutua kwa mbele au kwa wayo mzima ndani ya mazoezi yako, kisha rudi kwenye mtindo wako.
- Ongeza kidogo kidogo kwa miezi, ukipumzika siku moja katikati.
- Acha kisigino kishuke chini katika kila hatua. Kukiweka hewani muda wote ni kuitesa kano.
- Maumivu makali ya sehemu moja kwenye mfupa, au uvimbe kwenye kano, ni amri ya kusimama na kumwona daktari.

## Neno kuhusu raba

Raba nene kisiginoni humpa mtu ujasiri wa kutua kwa kisigino, nyembamba humfanya apunguze. Wengi wetu tunanunua raba za mtumba, na hakuna ubaya, ila zichunguze. Ziweke mezani uzitazame kwa nyuma: zikiinamia upande mmoja, soli imeshalika kwa mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Likiwa gumu kama ubao, limekwisha kazi. Raba yako mwenyewe ikilika kidogo kwenye ukingo wa nje wa kisigino, usishtuke. Mguu wa wakimbiaji wengi hugusa ardhi kwa ukingo wa nje kwanza.

## Muhtasari wa sura

- Hakuna namna moja ya kutua inayomfaa kila mtu.
- Kutua kwa mbele hupunguza kishindo cha mwanzo na kuongeza kazi ya vigimbi na kano.
- Kutua kwa kisigino huongeza kazi ya goti, lakini hakujawazuia wakimbiaji wa marathoni ya dunia.
- Hatua ya kupitiliza ndiyo ya kurekebishwa kwanza.
- Badili kwa sababu, na badili polepole.

Kama unakimbia bila maumivu, goti limekunjwa na mguu unatua karibu na mwili, huna la kutengeneza. Inua macho uangalie njia, legeza mabega, na nguvu uliyokuwa ukiitumia kuichunga miguu itumie kuongeza kilomita moja wiki hii.